Sebule Ikijaa: Kabla Hamjafungua Kanisa



Leo tukae na barua ya msomaji wetu mmoja wa Kimara, Dar es Salaam, maana barua za namna hii zimekuwa nyingi na nimekuwa nikizijibu kwa mkato. Anasema walianza wanawake wachache wa mtaa mmoja kuomba pamoja kila Jumatano jioni, nyumbani kwake. Baadaye waume wakaja. Watoto nao wakaja, na mpangaji wa nyumba ya pili akaleta gitaa. Sasa viti havitoshi, watu wanakaa hadi barazani, na maneno yameanza: "Dada, tufungue kanisa." Kuna ndugu mmoja mwenye kipawa cha kuhubiri ambaye ameshapendekeza jina, amempata mtu wa kuwakodishia turubai na ameulizia bei ya spika. Mdogo wangu anauliza waanzie wapi.

Mdogo wangu, turubai lisubiri.

Sikukatazi kukua. Watu wanaoacha uchovu wa kazi na foleni ya Morogoro Road ili waje kuomba Jumatano jioni ni neema kubwa, na sitaki neno langu lolote liwapoze. Lakini kuna kipimo kimoja ninachowapa wote wanaoniandikia habari hizi, nacho ni hiki: safiri. Nenda kamsalimie mama kijijini ukae mwezi mzima. Usiache maagizo marefu, wala usipige simu kila Jumatano kuuliza nani anaongoza. Ukirudi, uliza ilikuwaje. Kama walikutana, wakasoma Neno, wakamtembelea mzazi aliyejifungua, na sadaka ikahesabiwa ikaandikwa, basi hapo pana kanisa changa na mnaweza kuanza kuliandalia nyumba. Kama walikusubiri mpaka urudi ndipo waombe, mlicho nacho ni urafiki mzuri unaokuzunguka wewe. Utunzeni, lakini msiuite kanisa kwa sasa. Yote ninayoyasema leo yanatoka kwenye kipimo hicho.

Kuna swali ambalo wengi huliruka: ni lazima kikundi hiki kiwe kanisa jipya?

Mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuingia miaka ya 1930, Uganda na kule Gahini nchini Rwanda, Waanglikana walianza kukutana kwa vikundi vidogo, wakiungama dhambi zao mbele ya wenzao na kurudisha vitu walivyoiba. Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church ni kati ya waliotangulia katika jambo hilo. Uamsho ule ulienea Burundi, Tanganyika na Kenya, na bibi zetu wengi waliokoka humo. Lililo muhimu kwetu leo ni kwamba wengi wao hawakutoka katika madhehebu yao. Jumapili walikuwa kanisani kwao kama kawaida, na katikati ya juma walikuwa nyumbani kwa fulani wakiomba. Festo Kivengere alikulia kiroho katika vikundi hivyo. Alikuja kufundisha shule Dodoma, na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi, ndani ya kanisa lile lile la Anglikana.

Wakatoliki nao wanayo njia yao. Maaskofu wa nchi zetu kupitia shirikisho lao, AMECEA, waliamua katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976 kuzijenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na ndiyo maana leo ukifiwa, jumuiya inafika kwako kabla ya ndugu wa mkoani. Jumuiya haigeuki kanisa kwa uamuzi wake yenyewe. Waumini wa eneo wakiongezeka hupata kigango, na askofu akiona kigango kimekomaa anaweza kukifanya parokia. Kwa Walutheri wa KKKT, kikundi kinaweza kuwa mtaa wa usharika wa jirani, kikapata mwinjilisti, kikajenga taratibu, na kikikomaa kikawa usharika wenye mchungaji wake. Makanisa mengi ya Kipentekoste pia yana utaratibu wa kanisa mama kufungua kanisa dogo mtaani na kulilea.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya jina jipya nendeni kwa mchungaji wenu wa sasa. Wengi wenu mko sebuleni Jumatano lakini Jumapili mko kwake, na pengine anayasikia mambo yenu kwa minong'ono. Mwambieni wazi: tumekua, tunaomba uje uone. Akiwa mtu mwema atawapa baraka, na huenda akawapa mtu wa kuwalea. Akikataa kwa ukali, angalau hamtakuwa mmejenga juu ya watu mliowanyemelea. Kanisa jipya linaloanza kwa kuhamisha washirika wa mwenzake usiku usiku hulipwa kwa namna hiyo hiyo baadaye, nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Mkisha kuomba na kushauriana na bado mkaona mnapaswa kuanza kanisa lenu, sawa. Hapo ndipo nataka kuzungumza na wewe mwenye sebule.

Makanisa ya kwanza kabisa yalikuwa majumbani mwa watu, na mara nyingi nyumba ilikuwa ya mwanamke. Petro alipotoka gerezani alikwenda kubisha kwa Maria, mama yake Yohana aitwaye Marko, maana watu walikuwa wamekusanyika pale wakiomba. Filipi, nyumba ilikuwa ya Lidia, mfanyabiashara wa nguo za zambarau. Nimfa alikuwa na kanisa nyumbani kwake. Priska na mumewe Akila walikuwa nalo kwao, na hao walikuwa mafundi wa kushona mahema, watu wa kazi ya mikono. Ukitaka kuona kwa macho namna nyumba ilivyogeuka kanisa, wachimbaji wa mambo ya kale waliikuta moja katika miaka ya 1930 huko Dura-Europos, Syria, kando ya Mto Frati. Ilikuwa nyumba ya kawaida yenye ua katikati. Kabla mji ule haujatekwa na Waajemi mwaka 256, waumini walibomoa ukuta uliotenganisha vyumba viwili wakapata ukumbi mmoja mrefu, na chumba kingine kidogo wakakichimbia birika la ubatizo na kukichora picha kutani. Nje ilibaki nyumba kama za jirani. Walichobadilisha hasa ni ukuta mmoja wa ndani na chumba cha kubatizia. Ninapenda sana habari hiyo, kwa sababu inaonyesha watu walioipanua nyumba kwa kiasi walichohitaji.

Sasa angalia yanayotokea kwetu. Mwanamke anafungua mlango wake. Anafagia, anapika chai ya tangawizi, anakopa viti kwa jirani, anajua nani amefukuzwa kazi na nani hajaonekana. Kikundi kikipata jina na mhuri, wanakuja watu wenye vyeo, na yule mwanamke anaulizwa kama wali wa wageni umeiva. Katika kikao cha kwanza cha uongozi jina lake halimo. Jambo hili linaniumiza na silinyamazii. Kama wewe ndiye uliyefungua mlango, siku ya kuandika katiba uwe umekaa mezani. Huombi kuabudiwa wala huombi cheo cha kudumu. Unajua historia ya kila mtu aliye pale, na kanisa linalopoteza ujuzi huo linaanza kuwahudumia watu lisiowafahamu.

Korea Kusini kuna mfano ambao ndugu zetu wahubiri huutaja sana, Kanisa la Yoido la Seoul, lililokuja kuhesabiwa kuwa kati ya makanisa makubwa kabisa duniani. Jina linalotajwa ni la David Yonggi Cho. Lakini mwaka 1958 watu wachache wa mwanzo walianzia nyumbani kwa mwanamke, Choi Ja-shil, kisha wakaingia kwenye hema. Miaka michache baadaye, Cho alipozidiwa na kazi hadi afya yake ikadhoofika, waliolibeba kanisa ni wanawake aliowakabidhi vikundi vya majumbani. Wanaume wa Korea ya wakati ule hawakulizoea jambo hilo, lakini ndilo lililolifanya kanisa likue bila watu kupotea humo ndani.

Na wewe pia, mwenye sebule, kuna la kukukabili. Usiifanye sebule yako kuwa kiti cha enzi. Mkikutana kwako tu mwaka mzima, watu watazoea kwamba wewe ndiye kanisa, na mumeo na wanao watachoka kulala na njaa wakisubiri wageni waondoke. Anzeni kuzunguka nyumba kwa nyumba. Jumatano hii kwa mama wa genge, ijayo kwa yule kijana fundi simu anayeishi chumba kimoja. Ndiyo, mtabanana. Lakini atakayekaribisha watu chumbani kwake atajiona mwenyeji, na mwenyeji habaki mtazamaji. Anayeongoza somo naye abadilike. Mpeni nafasi dada ambaye sauti yake inatetemeka, mkae naye siku moja kabla mkimsaidia kupanga, kisha mnyamaze aongoze.

Hapo sasa tuje kwenye pesa, na hapa naomba usome polepole.

Vikundi vingi vya maombi havina pesa ya kugombania, ndiyo maana vinapendana. Siku sadaka inapoanza kuonekana, tabia za watu nazo zinaanza kuonekana. Kwa hiyo utaratibu uwekwe wakati kikapu bado kina sarafu. Ibada ikiisha, kikapu kisiingie chumbani. Kiwekwe mezani pale pale, mbele ya watu wanaoendelea kusalimiana. Wakae wawili, wasiwe ndugu wala mume na mke, na mhubiri wa siku hiyo asiwe mmoja wao. Noti za elfu kumi peke yake, za elfu tano peke yake, kisha elfu mbili na elfu moja, halafu sarafu zipangwe mafungu, mia tano, mia mbili, mia. Mmoja ahesabu, mwenzake arudie toka mwanzo. Waandike kwenye kaunta buku: tarehe, kiasi kwa tarakimu, kiasi kwa maneno, sahihi mbili. Mweka hazina apokee naye asaini chini. Wakikosea, wakate kwa mstari mmoja na kuandika upya, wasifute kwa peni nyeupe. Wiki inayofuata mtu asimame aseme: tulipata kiasi hiki, tumetumia kiasi hiki kwa matibabu ya mwenzetu, kimebaki hiki. Dakika mbili tu.

Mtu akisema utaratibu huo unaonyesha hamuaminiani, mjibu kwa upole kwamba ndio unaomlinda mweka hazina. Siku mtaa utakapovumisha kwamba amejengea nyumba hela ya kanisa, kaunta buku litamsemea.

Sadaka za simu ndizo zinazonitia hofu zaidi siku hizi. Watu wanatuma zaka kwenye namba ya mchungaji au ya mke wa mchungaji. Namba ile imesajiliwa kwa jina lake, pesa zile zimechanganyika na ada ya mtoto wake na nauli yake. Akifariki, salio linaingia kwenye mirathi na wanaolishughulikia ni warithi wake. Akiwa hai, hata yeye mwenyewe hajui tena ipi ni yake. Fungueni akaunti ya kikundi benki, yenye watia saini watatu, na pesa itoke kwa sahihi zisizopungua mbili. Mkisha kusajiliwa, ombeni namba ya kulipia yenye jina la kanisa, ili anayetuma aone jina la kanisa kabla hajabonyeza.

Na usidhani jambo hili ni la makanisa machanga peke yake. Mwaka 2014, mahakama ya Seoul ilimtia hatiani yule yule Yonggi Cho kwa kulisababishia kanisa lake hasara ya zaidi ya won bilioni 13, katika ununuzi wa hisa zilizokuwa za mwanawe kwa bei iliyopita thamani yake. Alihukumiwa kifungo cha miaka 3 kilichoahirishwa. Mtu aliyelea kanisa toka nyumbani hadi mamia ya maelfu ya waumini. Ninalitaja kwa huzuni, kwa sababu wako wazee wa kanisa wanaodhani mtumishi akishakuwa mkubwa haulizwi tena.

Kuhusu kumlipa mchungaji, msikimbilie. Anayehubiri vizuri na ana kazi yake, aendelee na kazi yake kwa sasa, kama Paulo alivyoshona mahema na akina Akila huku akifundisha. Mkiweza, mpeni nauli na posho iliyokubaliwa kikaoni na kuandikwa. Kitu kinachoharibu watu ni ile hali ya mchungaji asiye na posho inayojulikana lakini mwenye ruhusa ya kuchukua kikapuni.

Sheria nayo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, inahusu vyama vya watu kumi au zaidi, na kanisa husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kenya nao wana Sheria yao ya Jumuiya, Sura ya 108, na kiwango cha watu ni hicho hicho cha kumi. Zanzibar ina sheria yake. Mtahitaji katiba, muhtasari wa kikao mlichoamua kuanzisha kanisa, orodha ya wanachama na maelezo ya viongozi. Masharti mengine na ada mkaulize ofisini wenyewe. Anzieni pia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, awajue kwa sura kabla hajawajua kwa malalamiko ya jirani.

Katiba msiinakili ya kanisa jingine mkabadilisha jina. Nimesoma katiba za namna hiyo ambamo kanisa la watu thelathini lina maaskofu wa kanda. Kaeni jioni kadhaa mjibu maswali yenu wenyewe kwa Kiswahili ambacho bibi aliye kikundini anakielewa. Nani ana haki ya kuitisha mkutano? Mchungaji anapatikanaje, na je, anaondolewaje akikosa? Anayedai amedhulumiwa apeleke wapi? Kanisa likivunjika, viti na kiwanja viende kwa nani? Swali la kumwondoa mchungaji huwa linawapa watu aibu, hasa mchungaji mwenyewe akiwa amekaa pale. Liulizeni hivyo hivyo, siku ambayo bado mnapendana.

Baada ya usajili huo kuna hatua ambayo makanisa mengi machanga huiacha, nayo ni wadhamini. Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, inaruhusu wadhamini wenu kusajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na kuwa mwili mmoja wa kisheria wenye mhuri wake, ambao haufi hata mdhamini mmoja mmoja akifa. Mali ya kanisa, hasa ardhi, huandikwa kwa jina la bodi hiyo.

Nikuambie kwa nini nasisitiza. Kanisa moja ninalolifahamu lilinunua kiwanja wakati halijasajiliwa. Mchungaji alikuwa mwaminifu, hakuna aliyemtilia shaka, kwa hiyo mauziano yakaandikwa kwa jina lake mbele ya mjumbe. Akina mama walibeba maji ya kuchanganyia zege kwa ndoo kichwani kila Jumamosi, vijana wakafyatua tofali. Ukuta ulikuwa umefika kwenye lenta mchungaji alipofariki ghafla. Baada ya arobaini, watoto wake wawili waliokuwa wakiishi mkoa mwingine, ambao hata hawakuabudu pale, walikuja na ile karatasi. Hawakuwa wezi. Walikuta kiwanja kina jina la baba yao, wakaamini ni cha baba yao. Washirika walikuwa na ndoo zao na kumbukumbu zao, lakini karatasi iliyokuwa mezani ilisema jambo moja. Leo pale pana fremu za maduka.

Mkinunua, basi, nunueni kwa jina la wadhamini. Ulizeni halmashauri kama eneo limepangwa kwa makazi au kwa ibada, maana kiwanja cha makazi kinahitaji kubadilishwa matumizi, na kibali cha ujenzi kipatikane kabla ya msingi kuchimbwa. Na jambo moja la haraka: msifungishe ndoa kwa sababu tu mna mchungaji na keki. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kiongozi wa dini anahitaji leseni ya kufungisha ndoa. Binti wa watu asije akagundua siku ya mirathi kwamba cheti chake hakitambuliki.

Majirani nao ni sehemu ya kanisa lenu hata kama hawaji. Mama aliyejifungua juzi ukuta wa pili hana ugomvi na Yesu, ana ugomvi na spika iliyoelekezwa dirishani kwake saa saba ya usiku. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele toka mwaka 2015, na mamlaka ya mazingira hufuatilia nyumba za ibada kama inavyofuatilia baa. Mkiwa watu arobaini chumbani, maiki ni ya nini? Mkiwa na mkesha, waambieni majirani siku tatu kabla na mfunge madirisha. Fikirini choo, fikirini mlango wa pili wa kutokea watu wakishtuka. Rwanda mwaka 2018 ilifunga maelfu ya nyumba za ibada kwa sababu za usafi, kelele na majengo yasiyo salama, kisha ikatunga sheria inayowataka viongozi wanaowakilisha makanisa wawe na elimu ya dini. Unaweza kubishana na ukali wa hatua zile, lakini choo kilichokosekana kilikosekana kweli.

Sasa yule ndugu mwenye kipawa. Sina neno baya naye, simjui. Kipawa cha kuhubiri ni kizuri, ila hakitoshi kukabidhiwa roho za watu. Ulizeni alikotoka waliachana vipi. Muulizeni mke wake, akiwa peke yake, anaendeleaje. Mpelekeni chuo cha Biblia, hata kile cha jioni, mkimchangia ada. Mwangalieni anapokosolewa somo lake: anasikiliza, au anaanza kuzungumzia mpakwa mafuta asiyeguswa? Mwalimu anayekataza washirika wasiende hospitali, wasisomeshe watoto, wasizungumze na ndugu zao, mwondokeeni siku hiyo hiyo, msisubiri kikao. Kule Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, mwaka 2023 na miezi iliyofuata, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa ya watu waliomfuata mhubiri mmoja msituni, na watoto walikuwamo. Hakukuwa na mtu wa kumwambia hapana akasikilizwa. Kila kanisa linaloanza liwe na watu wa nje, wachungaji wawili au watatu wa makanisa mengine wanaoheshimika, ambao mshirika yeyote anaweza kuwapigia simu. Namba zao ziandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Na watoto, tafadhali. Wakati watu wazima wanaomba, watoto wasifungiwe chumbani na mtu mmoja, hata awe amejaa Roho kiasi gani. Wawe walezi wawili kila mara, na mlango uwe wazi.

Mkifuata haya yote mtachelewa. Ndugu yenu mwenye turubai atasema mnazima moto. Mwaka mmoja au miwili ya kujifunza kuongoza kwa zamu, kuhesabu sadaka mezani na kuandika katiba ni muda mfupi kwa kitu mnachotaka wajukuu wenu wabatizwe humo. Na siku mkihamia ukumbini, sebule zisifungwe. Ukumbini mtu anaweza kukosa Jumapili tatu mfululizo na asiulizwe. Jumatano kwenye mkeka, akikosa mara moja, mtu anakwenda kubisha kwake na mfuko wa machungwa. Gaweni watu kwa vikundi vya nyumbani tangu wiki ya kwanza, kila kikundi na mlezi wake, na mchungaji apokee taarifa za wagonjwa na waliofiwa kabla hajapokea taarifa ya sadaka.

Ombi langu la mwisho ni kwa wale wenzangu ambao makanisa yenu yameshasimama na mnayasoma haya mkihesabu yaliyorukwa. Kama kiwanja cha kanisa lenu bado kimeandikwa jina la mtu mmoja, mwendeeni kwa heshima mwezi huu, akiwa hai na ana afya, nendeni naye RITA na ofisi ya ardhi, na mke wake awepo mnapozungumza.